Garde ya Jumamosi

— Mama infirmière, mulishaachana na Nathanaël siku gani?

Kavira, muuguzi wa hospitali, alikuwa amemwinamia mtoto mgonjwa, anapima homa. Ilikuwa Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, garde, zamu yake ya usiku kucha, inakaribia kuisha. Aliyeuliza ni bibi yake mtoto, mama Joséphine, mkimbizi kutoka Kpandroma, mtu asiyejua kuzungusha maneno.

— Tuachane juu ya nini, mama? Mwezi wa kumi na mbili ananioa.

Mama Joséphine akashika mguu wa mjukuu wake, akausugua.

— Mama, sema.

— Mwanangu, mimi nasali kwenye parokia yenu. Dimanche mbili padri anasoma jina ya Nathanaël, na ya Bénédicte mwenye kuuza bitenge. Leo ni ya tatu. Nilijua unajua.

Kavira aliandika joto la mtoto kwenye karatasi ya fishi, akakosea, akafuta, akaandika tena.

Matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu, kila mtu asikie, na mwenye kujua kizuizi aende kwa padri. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ya Nathanaël yalifichika mbele ya kanisa zima, kwa sababu mtu mmoja tu aliyepaswa kuyasikia alikuwa kitandani. Wazazi wa Kavira ni Waprotestanti, wanasali kwingine. Yeye kila Jumapili alitoka garde, akaanguka usingizini mpaka saa tisa.

Na garde ya Jumamosi nani alimwambia aichukue? Nathanaël huyo huyo. "Chérie, chukua samedi zote, utapata siku ya récupération upumzike katikati ya juma, tutaonana vizuri." Kavira aliona hayo ndiyo mapenzi. Akabadilishana zamu na muuguzi mwenzake Solange, tena kwa kumbembeleza.

Alimpigia Nathanaël simu. Haikupokelewa. Ukaja ujumbe:

"Najitayarisha kwenda misa. Ulale chérie, umechoka sana."

Solange alipofika kupokea zamu, alimkuta mwenzake amekaa kwenye benchi na simu mkononi.

— Solange, ulijua?

Solange hakuuliza nini.

— Batu yote banajua. Weye mwenyewe uliniomba samedi. Tulifikiri unakimbia kusikia ile matangazo. Tukasema tusikuumize, tukanyamaza.

Kumbe wiki zote hizo watu walikuwa wakimhurumia. Ndiyo maana mama mmoja wa maabara alimshika mkono bila sababu. Kikulacho ki nguoni mwako, na Kavira alikuwa akiifua nguo hiyo kwa furaha.

Hakwenda kulala. Alipanda pikipiki na blauzi yake nyeupe ya kazi, akafika kanisani misa ya pili ikielekea mwisho. Alisimama mlangoni, akasikia kwa masikio yake. Nathanaël na Bénédicte, tangazo la tatu na la mwisho. Vichwa viligeuka kumtazama, vikarudi mbele haraka.

Alimngojea uani. Nathanaël alitoka na shati lililopigwa pasi, Bénédicte pembeni yake. Alipomwona Kavira, alisimama.

— Weye ndio ulinipangia garde, Nathanaël.

— Kavira, tusiongee hapa.

— Tutaongea wapi? Ulinituma kulala.

— Mama yangu alikataa. Anasema mwanamuke mwenye kulala inje si bibi ya kuoa. Nilikuja kwenu mara tatu nikuambie. Kila mara nakukuta umelala, hata viatu hujavua. Nakaa kando, nakuangalia, narudi.

— Ungeniamsha.

— Niliogopa.

Kwa hilo alisema kweli, na ndilo lililomuuma Kavira kuliko yote. Alikuwa bado anampenda mwoga huyu.

Bénédicte alikuwa amekunja uso.

— Aliniambia weye ndio ulimuacha, ukachagua kazi.

— Ukaamini?

— Hukuonekana kanisani hata siku moja. Niliamini.

Padri alitoka sakristia, akaona watu wamesimama mbali kidogo, kila mmoja akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

— Binti yangu, uko na kizuizi?

Hapo ndipo Kavira angeweza kuondoka na aibu yake kimya kimya, kama wote walivyomtarajia.

— Iko, padri. Familia yake ilikuja kwetu kwa présentation. Balikaa, balikula, baliomba mukono yangu kwa papa. Hakuna mutu alirudia kuivunja.

Padri alimtazama Nathanaël.

— Ni kweli?

— Ni kweli, padri.

— Basi sifungishi ndoa yoyote mpaka familia zikae.

Nathanaël alishusha sauti.

— Kavira, unataka nikuoe kwa nguvu?

— Hapana. Nataka uende kwa papa, umuambie na kinywa yako, muchana, mimi nikiwa macho.

Nathanaël alikwenda Alhamisi, na mjomba wake. Kavira alikuwa ametoka garde asubuhi hiyo. Alikaa sebuleni kando ya baba yake, ananawa uso kila mara kwa maji ya beseni ili kope zisifunge. Mjomba alizunguka sana, akataja mvua, akataja barabara ya kwenda Kilo. Kavira akamkatiza.

— Mujomba, mwache aseme yeye.

Nathanaël aliikodolea sakafu macho.

— Papa, nimekuja kurudisha neno yangu. Sitamuoa Kavira.

Mzee akamgeukia binti yake.

— Umesikia?

— Nimesikia, papa.

Aliwasindikiza wageni mpaka mlangoni kama desturi inavyotaka. Kisha aliingia chumbani, akavua viatu, akajilaza. Usingizi haukuja. Alilia mpaka saa kumi na moja jioni, akaoga, akaenda kazini.