Picha Iliyofika Ukutani kwa Mama

"Renata, mpango umevuja." Sauti ya bosi wake, Haverty, ilikwaruza sikioni. "Tumenasa ujumbe wa wale wa magendo. Wanajua Leland anakusubiri sokoni. Wanajua mpaka meza aliyokaa."

"Nani kavujisha?"

"Sijui. Wahi kabla hawajamuua."

Renata Pawlak, mpelelezi, alijipenyeza kati ya akina mama waliopanga foleni kununua siagi ya Pasaka iliyochongwa umbo la wanakondoo. Soko la Broadway lilifurika. Nusu ya Buffalo ilikuwa humo. Chini ya koti lake alificha bastola, Glock 19.

Leland Ostrander, mhandisi aliyekubali kuwafichua wanaovusha lenzi za makombora kwa magendo, alikaa karibu na duka la soseji. Alikuwa akiifinyafinya kofia yake mikononi.

Kisha Renata akamwona muuaji, macho kwa Leland, koti limevimba kwa bastola.

Gerard. Mpangaji wa ghorofa ya juu nyumbani kwa mama yake. Gerard aliyemzolea mama theluji. Gerard aliyemtengenezea ile fremu ya kidijitali ya ukutani, inayopokea picha zote za familia moja kwa moja kutoka kwenye simu zao.

Simu zao.

Jumatatu, mpango wote wa leo ulichorwa ubaoni ofisini. Simu ya kazi ilikuwa nzito kama tofali na kamera yake imefungwa. Renata akatoa iPhone yake mwenyewe, akaupiga picha ubao asisahau, akaendelea na shughuli zake; picha ikaenda yenyewe kwenye fremu ya mama. Na marufuku ya simu binafsi ofisini aliiandika yeye. Waliokamatwa nazo aliwafokea mbele za watu.

Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Alitamani ardhi immeze.

Lakini Gerard alikuwa akiangalia simu yake. Bado alikuwa anafuatilia picha zinazoingia kwenye fremu ya mama.

Renata akachana karatasi ya kufungia soseji, akaandika: LELAND ATOKE MLANGO WA KUSINI, SASA HIVI. Akaipiga picha kwa iPhone ileile.

"Bosi, weka watu mlango wa kusini."

"Kwa nini kusini?"

"Weka tu, bwana."

Gerard akasoma. Mkono ukaingia ndani ya koti, miguu ikaelekea kusini.

Mlangoni, polisi walimlaza chini kabla bastola haijatoka.

Simu ya Renata ikaita. Mama.

"Renia, mbona unatuma makaratasi? Picha za wajukuu ziko wapi?"

"Nakuja kukueleza, mama."

Haverty alipofika, Renata alimweleza yote. Bosi akatazama pembeni, kisha akatoa simu yake mwenyewe mfukoni.

"Hata mimi natumia yangu. Ile ya ofisi haifungui hata barua pepe. Tuandike kwenye ripoti kwamba Gerard aliidukua fremu, yaishe."

"Hapana. Andika jina langu. Halafu wape watu simu zinazofanya kazi, wafundishwe kipi hakipigwi picha. Marufuku yangu iliwafundisha kuficha tu. Na mimi nikiwemo."

Leland akasogea. "Nani aliniuza, dada?"

Angeweza kunyamaza. Haverty alimkonyeza anyamaze.

"Ni mimi. Nilipiga picha jina lako kwa simu yangu, kwa uvivu."

Leland alimtazama. Akavaa kofia, akampita, akaingia kwenye gari la Haverty.

Renata akafunga vifungo vya koti, akavuka barabara kwa mwendo wake wa kawaida kuelekea kwa mama. Hakugeuka nyuma. Hakuwa na uso wa kumtazama tena yule mtu.