Matairi Yaliyong'aa ya Mzee Humaidi

Kila Ijumaa asubuhi, Mzee Humaidi wa mtaa wa Gongoni alifunga shuka kiunoni, akaosha gari lake. Gari lenyewe lilikuwa jeusi. Alilinunua mwaka mmoja baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha, na sasa lilikuwa na miaka tisa. Lakini lilikuwa halijatembea sana. Lilikwenda msikitini. Lilichukua maharusi. Mara mojamoja lilikwenda stesheni kupokea wageni wa treni. Siku nyingine zote lilikaa uani, juani, likitazamwa.

Akimaliza kuosha, alichukua kopo lenye mafuta ya karanga yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Aliyapaka matairi kwa kitambaa mpaka yakang'aa. Wenye magari wengi wa mtaa ule walifanya hivyohivyo, na walishindana nani matairi yake yanang'aa zaidi. Mzee Humaidi aliwashinda wote.

"Tazama mistari hii," aliwaambia majirani. "Kidole kinazama. Mapya haya!"

Majirani walikubali. Nani abishane na mtu mwenye gari?

Ijumaa moja, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza, lori la asali lilisimama mlangoni. Dereva wake, Anselm, alishuka mbio.

"Shikamoo, Mzee. Nimetoka kijijini Puge. Nimetumwa na mkweo, Shomari."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Fakhria ni mgonjwa. Miguu na uso vimevimba, na tangu jana kichwa kinamuuma sana. Mkunga anasema asizalie kule. Aletwe hospitali huku mjini leo hii."

Fakhria alikuwa binti yao wa pekee. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Mwaka juzi alichelewa kufika hospitali, na mtoto wake wa kwanza hakuishi.

Mkewe Mzee Humaidi, Bimdogo, alisikia yote kutoka jikoni. Alitoka na mikono yenye unga.

"Kwa nini hukuja naye, mwanangu?" alimwuliza Anselm.

"Lori hili linaruka kila shimo, mama. Mkunga alikataa. Na basi la wiki limekwisha pita."

Mzee Humaidi alikwisha shika ufunguo. "Nakwenda sasa hivi."

"Ngoja," alisema Bimdogo. "Gari hili lina miaka mingapi halijavuka mtaa wa Cheyo? Kwanza fundi Damas alitazame."

"Atazame nini? Injini nzima, matairi mapya! Mwanao anaumwa, nawe unataka fundi!"

"Ndiyo maana namtaka. Baba Fakhria, utakayempakia ni mwanangu. Sitakubali."

Walitazamana. Mzee Humaidi aliogopa kuchelewa. Bimdogo aliogopa njia. Hofu zote mbili zilikuwa za kweli, na saa ilikuwa inakwenda. Mwishowe Bimdogo hakungoja jibu. Alijitupia kanga, akaenda mwenyewe kumwita fundi.

Damas alikuwa jirani yao, nyumba ya tatu. Wakati wa vita aliendesha malori ya jeshi ng'ambo huko Bama, na sasa alitengeneza magari. Alifika, akasalimia, akachuchumaa kando ya tairi la mbele. Alilifuta mafuta kwa sabuni na maji. Kisha akabonyeza ubavu wake kwa kidole gumba.

"Mzee, njoo utazame hapa."

Chini ya mng'aro kulikuwa na nyufa nyembamba, nyingi, kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Damas alipobonyeza zaidi, nyufa zilifunguka, na nyuzi za ndani zikaonekana.

"Lakini mistari yake imejaa!" alisema Mzee Humaidi.

"Imejaa, Mzee. Mistari huisha kwa mwendo. Mpira huisha kwa miaka, hata gari likikaa bure. Jua linaukausha. Na haya mafuta unayopaka ndiyo yanayoula. Mafuta ya taa ni adui wa mpira."

"Miaka tisa nayapaka mafuta kwa mapenzi!"

"Umeyapenda mpaka umeyaua," alisema Damas, lakini kwa upole.

Mzee Humaidi alikasirika. "Maneno tu. Yatanifikisha Puge na kunirudisha. Baadaye tutayatazama."

Damas hakubishana. Aliwaambia wasogee mbali wote. Akafunga mpira wa pampu yake ndefu kwenye tairi, akasimama nyuma ya ukuta, akaanza kujaza upepo, kiasi kile kinachotakiwa kwa gari lenye abiria. Alisukuma mara ishirini. Alipofika ya ishirini na moja, tairi lilipasuka kwa kishindo. Kuku walitawanyika. Ubavu ulikuwa umefunguka urefu wa shibiri.

Mzee Humaidi aliketi kwenye kizingiti. Akilini alimwona Fakhria ndani ya gari, njiani, pembeni mwa korongo.

"Nisaidie, Damas," alisema. "Nifanye nini?"

Walikwenda mbio dukani kwa Darwesh, binamu yake Mzee Humaidi. Ukoo wao haukununua kitu kwingine ikiwa Darwesh anacho. Barazani pake matairi manne yalining'inia kwenye misumari, meusi, yaking'aa.

"Chukua haya, ndugu yangu!" alisema Darwesh. "Hayajagusa barabara hata siku moja."

Mzee Humaidi alinyoosha mkono. Damas akabonyeza ubavu wa moja. Nyufa zilezile.

"Bwana Darwesh, haya yamening'inia hapa tangu lini?"

"Ni mapya, nimesema! Unanivunjia heshima dukani kwangu?"

Mzee Humaidi alikuwa kati ya fundi na damu yake. Siku nyingine angenyamaza. Leo alisema, "Ndugu yangu, Fakhria ni mtoto wako pia. Yuko hatarini. Niambie kweli."

Darwesh aliinamisha kichwa. "Yalikuja kabla ya gari lako. Nayaacha hapo yavutie watu."

"Kibaya chajitembeza," alisema Damas. "Una mengine ndani?"

Darwesh aliingia stoo, akatoa matairi ya aina mbili, yamefungwa karatasi, pamoja na hati ya reli. Hati ilionyesha kuwa yalifika kwa treni mwezi uliopita. Aina moja ilikuwa ngumu na nzito.

"Haya yanamaliza maili elfu nyingi sana," alisema Darwesh. "Bora kuliko yote."

"Bora kwa lori la Anselm," alijibu Damas. "Mzee hatembei maili hizo. Yatazeeka kabla ya kuchakaa, naye ataona huruma kuyatupa, kama haya ya leo. Yeye anataka ya kawaida, mapya kweli, laini, yanayoshika barabara yenye maji. Na namba za ukubwa ziwe sawasawa na zile zilizoandikwa kwenye matairi ya zamani. Yote manne yawe ya aina moja."

"Yaliyobaki matatu hayajapasuka," alisema Mzee Humaidi. "Ninunue moja tu?"

"Yalizaliwa siku moja, Mzee. Na la akiba je? Lina miaka hiyohiyo."

Walichukua matano, na mipira mipya ya ndani. Damas aliyafunga akitokwa jasho, huku Bimdogo akihesabu dakika kwa tasbihi. Walijaza upepo matairi yakiwa ya baridi, kwa kipimo, si kwa kukisia. Adhuhuri ilikuwa imepita walipoondoka watatu, Damas akiwa usukanini.

Huko Puge walimpakia Fakhria kiti cha nyuma, kichwa mapajani pa mama yake. Mvua ilinyesha. Njiani alianza kusema, "Mama, sioni vizuri." Mzee Humaidi alitaka kupiga kelele, "Kimbiza!" Alijizuia.

Kwenye mteremko kundi la ng'ombe lilitokea ghafla barabarani. Damas alikanyaga breki. Gari liliteleza kidogo, likashika, likasimama sawasawa, hatua tatu mbele ya ng'ombe wa kwanza. Bimdogo alikuwa amefumba macho. Mzee Humaidi alishindwa kuachia mlango.

Jua lilikuwa bado halijazama walipofika hospitali. Muuguzi Pelagia alimpokea Fakhria mlangoni kwa machela. Walingoja kwenye benchi. Baadaye Pelagia alitoka.

"Mtoto wa kike. Mdogo, lakini analia. Mama yake anapumua vizuri. Mzee, mngelala njiani leo, msingempata hata mmoja."

Bimdogo alilia. Mzee Humaidi naye alilia, mbele za watu, hakujali.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, wenye magari walisimama nje ya msikiti kama kawaida yao, wakisifiana matairi. Mzee Humaidi aliwaomba wanyamaze.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi niliwabishia fundi na mke wangu. Nilikuwa tayari kumpakia mwanangu juu ya matairi mabovu, kwa sababu tu yaling'aa. Nawaomba, inameni. Bonyezeni."

Walicheka kidogo. Kisha mmoja aliinama kwenye gari lake, akabonyeza ubavu wa tairi, nyufa zikafunguka. Aliuliza nyumba ya Damas iko wapi.