Duara la Turubai

Saa mbili asubuhi, kama kila siku, mpimaji alibonyeza kikatio chake cha duara juu ya turubai, akazungusha mpini, akaokota kipande kilichokatika na kukiweka kwenye mizani ndogo ya kioo. Gramu nne na ushei. Duara lile lilikuwa sehemu moja ya mia ya mita mraba, hivyo alizidisha kwa mia: gramu mia nne na ushei kwa kila mita mraba. Uzito uleule uliotakiwa kwa machela za hospitali. Alikuwa akipangusa unga mweupe vidoleni aliposikia kishindo, kisha yowe.

Chumba cha pili, machela mpya iliyopakiwa mifuko ya mchanga ili kujaribiwa ilikuwa imechanika katikati. Mfuko mmoja ulikuwa umemwangukia fundi cherehani mguuni.

"Hii siyo turubai, ni leso!" fundi alilia. "Angekuwa mgonjwa je?"

Kabla ya saa nne, afande wa upelelezi aliyeitwa kiwandani alikuwa ameketi stooni, mbele ya mtunza stoo.

"Mama, ufunguo wa humu anao nani?"

"Mimi peke yangu, afande."

"Jora hili la turubai ya machela limewahi kutoka humu?"

"Mara moja. Nyoosha alisema lina makunyanzi ya safarini, akaenda kulipiga pasi. Lakini nililipima lilipotoka na liliporudi. Kilo zilezile."

"Mimi kazi yangu kunyoosha, afande," Nyoosha, mpiga pasi, alisema akiwa mlangoni. "Kupinda waulize wengine." Watu wakacheka. Hata afande alitabasamu.

Aliitwa dereva aliyeleta jora. Alifika amefura.

"Mimi napakia, naendesha, nashusha. Turubai nitalila?"

"Au ulilibadilisha njiani."

"Basi muulizeni aliyelipokea!"

Macho yote yakarudi kwa mtunza stoo. Afande akamgeukia mpimaji, aliyesimama kando ya rafu. "Wewe binti, huyu ni nani wako? Naona unatetemeka kuliko yeye."

Mpimaji aliinamisha kichwa. Huyu alikuwa shangazi yake, aliyembeba mgongoni tangu hajaota meno, akamlea mpaka akamaliza chuo. Lakini kazini walikuwa wamekubaliana waitane kwa kazi zao, watu wasiseme amepewa nafasi kwa undugu.

"Ni... mtunza stoo wetu," alisema.

Shangazi aliitikia kwa kichwa taratibu, kana kwamba amejibiwa vizuri. Akasimama, akajifunga kanga yake vizuri, tayari kwenda kituoni.

"Afande." Sauti ya mpimaji ilikuwa ndogo, ila haikukatika. "Usimpeleke bado. Nipe mpaka saa sita."

"Ufanye nini?"

"Nifue."

Shangazi alikuwa na desturi yake: kila jora jipya likishushwa tu, mbele ya dereva, alikata kipande cha pembeni na kukibana kwenye rafu yake, ili akitaka kitambaa akijue kwa kukigusa. Mpimaji alikata duara moja kwenye kipande hicho, jingine kwenye jora lenyewe. Mizani ikatoa gramu nne na ushei kwa yote mawili. Lakini la jora lilikuwa kavu na kakamavu, likilia kama karatasi, na tena likamwachia unga vidoleni.

Akayafua katika mabeseni mawili. Beseni moja maji yalibaki maji. La pili yakawa meupe kama maziwa.

Ili kuyakausha, aliyapeleka chumba cha pasi yakiwa bado katika mabeseni yake. Afande alimfuata, na shangazi nyuma yake.

"Dada Gramu, leo umekuja kuninyang'anya kibarua?" Nyoosha alitania. Kisha akaona mabeseni, na utani ukamwishia.

Mpimaji aliyakausha mwenyewe, akayapima. Duara la rafuni: gramu nne, limepungua kidogo mno. Duara la jora: hazikufika tatu.

"Turubai jepesi lililolishwa wanga na unga wa chaki," mpimaji alisema. "Uzito bila nguvu. Kilo zikalingana, hata duara langu likadanganyika. Lakini kipande cha rafuni ni kizito kweli, kwa hiyo dereva alileta kitu halali. Limebadilishwa baada ya kufika."

"Na mwenye ufunguo ni mama huyu," afande alisema.

"Stooni hakuna hata bomba la maji, afande. Kulilisha jora zima wanga, kisha kulikausha mpaka ling'ae, kunataka pipa lile la wanga na mashine ile ya pasi. Na jora huviringishwa. Halikunjwi. Makunyanzi yalitoka wapi?"

Mvuke ulikuwa ukitoka kwenye pasi.

"Lile zito nimewauzia washona maturubai ya malori," Nyoosha alisema hatimaye. "Nilitaka kufungua duka langu la dobi. Miaka yote nanyoosha nguo za watu, mimi nimekunjika. Nilijua wanapima uzito tu."

"Na mgonjwa atakayelala juu yake?" mpimaji aliuliza.

"Sikumfikiria."

"Mimi ndiye ninayelipwa kumfikiria," alijibu mpimaji.

Afande alimshika Nyoosha mkono. Shangazi alifungua kanga yake, akaifunga tena bila sababu.

"Ahsante, mpimaji," alisema kwa sauti ya kazini.

"Afande, ngoja." Mpimaji aliinua uso, mafundi walikuwa wamejaa mlangoni. "Asubuhi uliniuliza huyu ni nani wangu."

"Nakumbuka."

"Ni mama yangu."