Baiskeli Iliyolala Kichwa Chini

"Lete nimimine tumalize hii maneno—"

"Humimini kitu! Hujui hata—"

"Mimi naendesha basi la watu sitini, Eugene. Wewe ndiye utanifundisha breki?"

"Basi ni basi! Hii ni baiskeli!"

Reuben alikuwa ameshika chupa ya mafuta ya breki ya basi. Mdogo wake, Eugene, alikuwa ameikumbatia baiskeli kama mama anayekataa mtoto adungwe sindano. Walikuwa ughaibuni, mjini Lusail, nje ya jengo la kuegesha magari. Ilikuwa saa tisa alasiri, na lami ilikuwa moto kama kikaango.

Eugene ni soja, mlinzi wa jengo hilo. Anapiga doria na baiskeli ya kampuni, ghorofa hadi ghorofa, akishuka ule mteremko wa magari. Jana aliteremka, akabana leva ya breki, leva ikaenda mpaka ikagusa usukani. Baiskeli haikusimama. Ilisimamishwa na ukuta.

"Si umwambie supavaiza?" Reuben alisema.

"Anirudishe getini? Nilisimama kwa lile jua miezi minane, bana. Sirudi. Lakini nikiteremka hivi, leo haitakuwa ukuta. Itakuwa mtoto wa mtu." Eugene alitazama saa. Zamu yake ilikuwa inaanza saa kumi. "Hebu panda wewe uijaribu."

"Mimi? Goti linaniuma."

"Goti lako? Nani aligonga ukuta hapa?"

"Nyinyi wawili!" Sauti ilitoka ng'ambo ya barabara. "Mnanifukuzia wateja!"

Alikuwa Kwamboka, fundi wa duka la kukodisha baiskeli. Alikuja akipangusa mikono na kitambaa. Aliiona chupa.

"Umeshamimina hiyo?"

"Bado," Reuben alisema. "Huyu ananizuia."

"Mungu ni mwema. Soma hapa juu ya leva. Baiskeli zingine zinatumia hayo ya gari. Hii inataka mafuta ya madini. Ukiweka hayo yako, yanaharibu mipira ya ndani, na breki inakufa kabisa."

Reuben aliificha chupa nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekutwa na sukari mkononi.

Kwamboka alibana leva. Ikazama. Akaibana haraka haraka mara tano. Ikawa ngumu kidogo.

"Hewa," alisema. "Mafuta hayabonyei, ndiyo maana yanasukuma breki. Hewa inabonyea kama sponji. Unabana leva, unabana sponji. Hii baiskeli inalala wapi?"

Ndugu hao walitazamana.

"Inarudi na basi mpaka Industrial Area, tunakolala," Eugene alisema. "Chumbani tuko sita, hakuna nafasi. Tunaifunga juu ya kitanda cha deka, magurudumu yakitazama dari."

"Kichwa chini? Kila siku?"

"Ni akili ya huyu."

"Nilipata nafasi ya viatu," Reuben alijitetea.

"Kwenye leva kuna kitangi," Kwamboka alisema. "Mafuta yakipungua, hewa inakaa juu yake. Mkiipindua, hewa inaingia kwenye paipu. Yalla, leteni ndani tuitoe hiyo hewa."

Reuben aliikokota mpaka dukani. Kwamboka aliifunga kwenye stendi, magurudumu chini, leva ikiwa juu kuliko paipu lote. Akatoa gurudumu la mbele, na zile pedi mbili zinazobana diski. Mahali pa pedi akachomeka kipande cha plastiki.

"Bila hiki, ukigusa leva, pistoni zinazosukuma pedi zinaruka nje. Na pedi zikae mbali kabisa. Tone moja la mafuta likizigusa, zimeharibika."

"Lakini diski ikipiga kelele huwa tunaipaka mafuta ya kupikia," Reuben alisema.

"Nani anapaka?"

Eugene alimnyooshea kidole kaka yake.

"Ehe. Na hizi pedi zimelowa, ninaweka mpya. Diski inapanguswa na spiriti tu."

Alifungua skurubu ya leva, akafunga faneli ndogo yenye mafuta kidogo. Chini, kwenye breki yenyewe, akaunganisha sindano iliyojaa mafuta mapya, akalegeza kinati. Akasukuma polepole. Mapovu yakaanza kupanda kwenye faneli, moja, mawili, halafu kundi zima.

"Waone hao!" Eugene alisema. "Ndio walitaka kuniua!"

Reuben alikaa, akasimama, akachezesha funguo za basi. "Harakisha, dada. Saa kumi kasorobo."

"Hewa haina saa, kaka. Gongagonga hilo paipu, angalau mikono yako ipate kazi."

Reuben aligongagonga. Kwamboka alikaza kinati cha chini, akabana leva taratibu, tena na tena. Mapovu yakapungua, yakaisha. Akatoa faneli, akarudisha skurubu, akapangusa kila tone. Akaweka pedi mpya na gurudumu.

"Bana."

Eugene alibana. Leva ilifika nusu ikakataa, ngumu kama jiwe.

Aliisukuma kwanza kwa mkono, akijaribu breki, kama alivyoambiwa. Halafu akapanda, akaenda polepole mpaka kwenye mteremko. Akashuka. Kabla ya mstari mweupe alibana, na baiskeli ikasimama pale pale. Ukuta uliendelea na maisha yake.

"Khalas!" alipiga kelele. "Kuanzia leo inalala magurudumu chini, hata kama viatu vitalala nje!"

"Na kila asubuhi bana leva kabla ya kupanda," Kwamboka alisema. "Ikizama, usipande. Njoo."

Ilibaki dakika tano. Basi lilikuwa linangoja, lakini Reuben hakuenda. Alisimama akiutazama ule mteremko. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, funguo zilikuwa zimenyamaza.

"Dada Kwamboka," alisema. "Ijumaa uko off?"

Eugene aliinua macho mbinguni. Kumbe haya yote, aliwaza, yalikuwa ni kutafuta namba ya simu.

"Niko. Kwa nini?"

Reuben alitia funguo mfukoni. "Nifundishe kuendesha baiskeli."