Namba Zilizotulia Mno

"Niachie shati! Nimekwambia sikudanganya. Nimezirekebisha tu."

"Kurekebisha huko ni kupi kama si kudanganya?" dada yake alifoka, simu ya mama mkononi. "Sema, Nadhifu! Chombo kilihesabu ngapi, nawe ukaandika ngapi?"

Nadhifu alijinyoosha kola. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu hakuvumilia mkunjo hata kwenye soksi. Walikuwa jikoni, wametoka shule, sare bado mwilini. Mezani, kando ya sufuria, kilikaa kipima mionzi cha klabu ya fizikia. Nadhifu ndiye aliyekabidhiwa muhula huu.

Klabu yao ilishirikiana na shule za nchi kadhaa. Kila shule iliazimwa chombo kimoja, ambacho hulia tik kinapopigwa na mionzi kutoka kwenye kiini cha atomi kilichovunjika. Mionzi hiyo hafifu imo kila mahali: udongoni, ukutani, hata angani. Wanafunzi walihesabu milio kwa dakika, wakatuma namba kwenye kundi la simu la shule zote, ili anayejua amfunze asiyejua.

"Zilikuwa zinarukaruka," Nadhifu alisema mwishowe. "Dakika hii thelathini na moja, inayofuata kumi na nne. Kama mwendo wa mlevi! Wangesema hatujui kupima. Nikaandika ishirini na mbili, ishirini na tatu, basi."

"Lazima ziruke! Mwalimu alisema atomi hazipangi foleni, kila moja inavunjika inapotaka. Wewe ulikuwa unakung'uta vumbi la dawati. Haya, sikiliza walichoandika leo kundini wenzetu wa shule moja."

Akasoma: "Rafiki zetu, namba zenu zimetulia, zetu zinaruka. Tumekubali kwamba chombo chetu ni kibovu. Tunakifunga kwenye boksi kirudi kilikotoka. Hatutapewa kingine. Asanteni kwa kutufumbua macho."

Nadhifu alinyoosha shingo ausome ujumbe mwenyewe.

Mama aliingia na gauni lake la unesi. "Kelele zenu nimezikuta barabarani. Nani kafa?"

"Chombo cha watu, mama," dada alijibu, akamweleza yote.

Mama alimgeukia Nadhifu. "Namba za kweli ziko wapi?"

"Nilizifuta."

"Zote?"

"Zote, mama."

"Basi kazi ya muhula imekwenda na maji."



"Nikisema, tutatolewa," Nadhifu alinong'ona. "Ndiyo kanuni. Shule ikipika namba inanyang'anywa chombo. Klabu nzima itanichukia."

"Itakuchukia. Sikufichi."

"Na wale labda wameshakipeleka posta."

"Labda."

"Sasa kusema kutasaidia nini?"

Mama alivuta kiti. "Kliniki napima watoto. Mzani ukinionyesha mtoto amepungua, nami nikaandika ameongezeka ili kadi ipendeze, mama yake ataondoka anacheka na mtoto atazidi kukonda. Kipimo si nguo, mwanangu, hakipigwi pasi kipendeze macho ya watu. Tena hiki hukukifungia kabatini kwako. Ulimpa mwenzako kama elimu, akakiamini kuliko chombo chake mwenyewe. Sijui kama utawaokoa. Najua hawana mwingine wa kuwaambia."

"Nitaandika kesho, nikiwa na mwalimu."

"Boksi linafungwa leo, wewe unasubiri kesho?"

Nadhifu alipokea simu kwa dada yake. Akaandika: "Chombo chenu ni kizima. Kibovu ni namba zetu. Nilizibadilisha mimi ili zipendeze, na za kweli nimezifuta. Msikirudishe."

"Weka na samahani," dada alisema, sauti imeshuka.

Akaiweka. Akatuma. Wote watatu walikodolea macho kioo cha simu. Hapakuja jibu.

Nadhifu akainuka, akazima kipima mionzi, akakikumbatia kifuani.

"Unakwenda wapi nacho?"

"Kwa mwalimu. Afadhali anisikie mimi kabla hajausoma ujumbe kundini."

Mama alimfungulia mlango. Nadhifu akatoka, shati nje ya suruali, bila kulichomeka.