Kopo la Matundu

Je, wewe ungekubali kusimama mbele ya shule nzima useme, "Nilidanganya," na hali hukudanganya? Usijibu haraka. Kwanza nikuambie habari za Jelagat.

Ilikuwa Januari, mwaka wa 1974, na Jelagat alikuwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wake na majirani walikuwa wamenunua shamba la mzungu upande wa Yamumbi, wakagawana vipande, na ghala lake la mahindi wakaligeuza shule. Kila asubuhi Jelagat alikamua ng'ombe, akachuja maziwa, kisha akanywa chai huku akisikiliza redio ya mjomba wake Bethwel.

Asubuhi moja redio ilieleza habari za wanaanga watatu waliokuwa wamekaa angani zaidi ya miezi miwili. Jelagat alizifikisha habari hizo darasani kwake, darasa la sita, maana kila siku mwanafunzi mmoja alitoa habari mbele ya wenzake, na ilikuwa zamu yake.

"Wanalala ndani ya mifuko iliyofungwa ukutani," alisema. "Wanachunguza jua. Wanaendesha baiskeli isiyokwenda popote ili miguu isilegee. Chombo chao kinaizunguka dunia kikianguka muda wote, ndiyo sababu wanaelea."

"Kinaanguka tangu mwaka jana?" Kimeli aliuliza. "Mbona hakijatua juu ya boma letu?"

"Na ugali unajirukia wenyewe mpaka mdomoni?" mwingine akadakia.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu wao, Murunga, hakucheka. "Mtu akianguka anaumia, haelei," alisema. "Ijumaa utasimama gwarideni, mbele ya shule nzima, useme ulidanganya. Usiposema, chukua vitabu vyako uende nyumbani, usirudi."

Jioni mama yake, Jepkemboi, alimsihi. "Ni neno moja tu, mwanangu. Baba yako alibeba mabati ya shule hiyo kichwani, halafu wewe ufukuzwe kwa ajili ya watu wa angani? Sema, yaishe."

"Mama, nikisema nilidanganya, hapo ndipo nitakuwa nimedanganya."

"Unabishana na mwalimu!"

"Sibishani. Sisemi tu."

Alhamisi ilikuwa zamu yake ya kunyunyiza darasa. Sakafu ilikuwa ya udongo, na kiangazi kile vumbi lilifika vifundoni, kwa hiyo watoto walinyunyiza maji kwa kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa chini kwa msumari. Jelagat alipanda juu ya dawati ili arushe maji mbali. Kopo likamponyoka. Akaliona likianguka, na akashtuka: maji yaliyokuwa yakichuruzika yalikoma kabisa, mpaka kopo lilipopiga chini. Akalijaza tena, akaliachia. Akarudia mara tatu, sketi yake ikalowa chapachapa.

Ijumaa, Mwalimu Leonida, mkuu wa shule, alikuwa gwarideni. Mwalimu Murunga akaita, "Haya, Jelagat. Sema."

"Sikudanganya, mwalimu."

"Basi vitabu vyako—"

"Nitavichukua. Lakini mtazame kwanza."

Kabla hajazuiwa, alikuwa amepanda ngazi ya tangi la maji lililokuwa kando ya darasa, lile kopo la kunyunyizia mkononi. Akalijaza, akalinyoosha mbele. Maji yakachuruzika kwa matundu yote. Akaliachia. Likaanguka bila kudondosha hata tone, likatawanya maji ardhini.

"Rudia," alisema Mwalimu Leonida, akasogea karibu.

Akashuka kuliokota, akapanda tena, akarudia. Ikawa vile vile.

"Kopo linaanguka, na maji yanaanguka nalo sawasawa," Jelagat alisema kutoka juu. "Kwa hiyo maji hayalilemei kopo. Wale watu na chombo chao ni hivyo hivyo."

"Lakini kopo limefika chini!" Kimeli akapaza sauti.

"Chombo chao kinakimbia mbele kwa kasi mno. Kinaanguka, lakini dunia ni mviringo, nayo inajipinda chini yake. Hakifiki."

Mwalimu Leonida akamwambia Jelagat ashuke, kisha akawageukia watoto.

"Mmeona? Kumheshimu mwalimu si kukubali uongo. Ukijua jambo ni kweli, lishikilie hata ukichekwa. Lakini usilishikilie kwa ukaidi mtupu. Lipime, uwaonyeshe watu walione kwa macho yao. Jelagat, rudi kwenye mstari. Hakuna anayekwenda nyumbani leo."

Watoto walipoingia madarasani, Mwalimu Murunga alimzuia Jelagat mlangoni. Alikuwa akipangusa chaki vidoleni, ingawa hakukuwa na chaki.

"Nilikosea," alisema. "Siku ile ulipokuwa ukisimulia, kulikuwa na jambo nililotaka sana kukuuliza. Niliona haya, mwalimu mzima kumuuliza mtoto."

"Uliza tu, mwalimu."

"Huko juu, watu wakielea na maji yakielea," alisema polepole, "wanaoga vipi?"