Tisheti Moja Juu

Asubuhi ya Jumamosi Soko la Uhuru halina nafasi hata ya kugeuka. Cherehani zinalia kila upande, wachuuzi wanapita na marobota mabegani, na ukisimama mahali pamoja dakika mbili utaambiwa usonge. Nthenya alikuwa amesimama dakika kumi mbele ya kibanda cha Qali, muuza tisheti, kiberiti mkononi. Alivaa jinzi iliyopauka, tisheti nyeupe na kilemba cha rangi ya machungwa. Alichomoa uzi mmoja kwenye pindo la tisheti mpya, akauwasha, akaunusa.

"Madam, unataka kuchomea wenyewe duka?"

Aliyesema alikuwa mwanamume mrefu mwenye shati la ofisi la samawati, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. Nthenya hakumtazama.

"Nacheki kama ni pamba. Ikinuka karatasi iliyoungua, ni pamba. Ikijikunja kidonge, ni nailoni, na pasi yangu itaiyeyusha."

"Na mtu je? Mtu unamcheki vipi?"

"Mtu hujichoma mwenyewe. Wewe umeshaanza."

Qali alicheka mpaka akaweka chini kikombe chake cha chai. Mwanamume naye akacheka, na hapo ndipo Nthenya alipomtazama. Aliitwa Frankline Obonyo, karani wa wakili mmoja karibu na mahakama ya Makadara, na alikuwa amekuja kutafuta shati la kazini. Hakulinunua siku hiyo. Alimbebea Nthenya furushi mpaka barabarani, na kabla hajaagana naye alikuwa ameshapata namba ya simu.

Nthenya alifanyia kazi yake sebuleni, katika nyumba ya kupanga huko Komarock. Alikuwa na printa ndogo, meza ya mbao iliyotandikwa foronya, na pasi ya kawaida isiyotiwa maji. Picha huchapwa kwenye karatasi ya transfa ikiwa imegeuzwa, kisha hulazwa kifudifudi juu ya kitambaa na kukandamizwa kwa pasi na uzito wa mwili mzima, huku ukihesabu. Ukiinua mapema, nusu ya picha inabaki kwenye karatasi. Ukichelewa, inageuka njano. Frankline alijifunza kumhesabia. Jumapili baada ya kanisa alivua koti, akasimama nyuma yake na kuhesabu polepole sikioni mwake, na tisheti kadhaa za timu ya mpira ya Donholm ziliungua kwa sababu hiyo.

Siku moja alimuuliza kwa nini mteja ameagiza kumi na mbili naye amenunua kumi na tatu.

"Moja juu ni ya kuharibu," Nthenya akasema. "Stima ikipotea pasi ikapoa katikati ya picha, utafanyaje? Fundi asiyenunua moja juu anajidanganya."

"Na usipoharibu?"

"Ikibaki ni yangu. Unadhani hizi zote ninazovaa nanunua?"

"Kumbe mrembo wangu anavaa mabaki."

"Ndiyo maana nikakuchukua wewe."

Mwaka mmoja na nusu ulipita hivyo, wa raha kabisa, isipokuwa jambo moja. Kabla ya Frankline, Nthenya alikuwa amekaa miaka mitatu na mwanamume aliyempenda ndani ya nyumba tu. Ndugu zake hawakumjua hata kwa jina, na siku alipooa alioa mwingine. Kwa hiyo alichotaka Nthenya duniani hakikuwa pete wala gauni. Alitaka kuhesabiwa. Alitaka siku moja watu wa nyumbani kwa mtu wahesabiwe, naye awe ndani ya hesabu.

Frankline alipomwambia, wakila samaki katika mkahawa mmoja Donholm, kwamba anataka kumwoa, Nthenya aliosha mikono kwanza.

"Usiniulize hapa tumeshiba samaki, Frank. Niulize mbele ya watu wenu. Mama yako ananijua kwa sauti ya simu tu."

"Nitakuuliza mbele yao."

"Siku hiyo nitakujibu."

Mwezi wa tisa baba yake Frankline, mzee Obonyo, mlinzi wa garimoshi aliyestaafu, akafa. Jumatatu jioni Frankline alifika Komarock na mzigo wa tisheti kutoka kwa Qali, macho mekundu, shati lile la samawati limekunjamana. Familia ilitaka tisheti za mazishi. Mbele iwe picha ya mzee na kofia yake ya reli, na mgongoni jina la kila mmoja na udugu wake kwa marehemu: mwana, binti, mjukuu. Dada yake, Carolyne, alikuwa ameandika orodha na kuituma kwenye simu ya Nthenya. Ibada ingekuwa Alhamisi asubuhi katika kanisa lao Makadara, kisha basi la familia lianze safari ya Ugenya, nyumbani kwao, kwa mazishi.

Nthenya alizihesabu tisheti mezani, kwa mazoea.

"Thelathini na mbili. Orodha inasema thelathini na moja."

"Enhe. Moja juu," Frankline akasema, akamtazama kama mtu anayengoja kitu.

Nthenya alidhani ni uchovu. Alimkumbatia, akampa chai, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi ndipo alipoisoma orodha. Aliisoma kuanzia mjane hadi kitukuu wa mwaka mmoja. Mke wa kaka mkubwa alikuwemo, "mke wa mwana". Frankline alikuwemo, "mwana", na baada yake hapakuwa na mtu. Akaisoma tena. Mara ya tatu alikuwa analia, kwa maana hata mlezi wa watoto wa Carolyne alikuwa amepewa mstari.

Sasa hapa ndipo mtu angetaka kuwashika wote wawili masikio. Frankline alikuwa amenunua ile ya thelathini na mbili kwa ajili ya Nthenya, na aliichagua mwenyewe, saizi ndogo. Si aliambiwa inayobaki ni ya fundi? Si aliambiwa aulize mbele ya watu wao? Aliona ampe tisheti tupu, yeye mwenye printa, aandike mgongoni neno analotaka, aje nalo kanisani. Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyowahi kuuliza, na hakulisema kwa mdomo. Carolyne hakuambiwa. Mama peke yake ndiye aliyedokezewa, alipouliza kama yule msichana wa simu atakuja. "Utamjua kwa tisheti, Mama," Frankline alimwambia. "Itakuwa imeandikwa."

Jumatano Nthenya alikuwa amefika tisheti ya kumi na tisa, ya Carolyne, stima ikapotea. Alikandamiza pasi kwa nguvu zake zote, lakini ilikuwa inapoa. Alipoibandua karatasi, mzee Obonyo alitoka nusu: kofia, jicho moja na shavu. Stima iliporudi baada ya saa mbili alichukua ile moja juu. Aliona ni ndogo kwa Carolyne, mwanamke mwenye kifua, akamlaumu Qali kwa kumpa mfiwa chochote kilichobaki dukani. Akamaliza kazi.

Jioni Frankline alipiga simu. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba nyimbo za maombolezo.

"Kesho utakuja, mpenzi?"

"Nije nikiwa nani, Frank?"

Frankline alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Alidhani anamtania, kwamba neno limeshaandikwa na anamficha.

"Hilo utaniambia wewe kesho," akasema.

Nthenya alikata simu polepole. Alichosikia ni mwanamume asiye na jibu, na alikuwa ameshamsikia mwanamume wa namna hiyo kwa miaka mitatu.

Hata hivyo alikwenda. Alivaa gauni jeusi la mikono mirefu, kitambaa cha kijivu kichwani, akamkabidhi Carolyne furushi langoni mwa kanisa na kukaa kiti cha nyuma. Ukoo mzima ulipoketi mbele, aliona migongo thelathini na mmoja ya kazi yake mwenyewe, herufi zimekaa sawa, hakuna hata moja iliyopinda. Carolyne alikuwa anavuta tisheti yake iliyombana kwapani.

Wakati wa kuingia Frankline alikuwa ameshika jeneza upande wa kushoto. Alimtafuta kwa macho, akampata. Aliliona gauni jeusi, bila tisheti. Walipoketi, mama yake alimwinamia akamuuliza yule msichana yuko wapi.

"Hakuja," Frankline akasema.

Baada ya ibada Nthenya alijisukuma hadi kwenye basi la familia, akisema moyoni kwamba angalau atamzika mzee. Mlangoni alisimama Ochola, mdogo wa marehemu, akiwapandisha watu.

"Msichana wangu, hili ni la wenye tisheti," alimwambia kwa upole. "Wageni watapata gari pale nyuma."

"Sawa, baba," Nthenya akasema.

Hakwenda pale nyuma. Alitoka langoni akaifuata Barabara ya Jogoo kwa miguu, vumbi likimpanda kwenye gauni. Frankline, akiwa kwenye gari lililobeba jeneza, alimwona akiondoka, na kwake hilo likawa jibu. Watu wawili wazima, kila mmoja na simu mfukoni, na hakuna aliyeuliza swali la maneno matatu. Baada ya wiki tatu Nthenya aliandika, "Pole tena kwa msiba." Frankline akajibu, "Asante kwa kazi safi." Basi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, mtu alibisha mlango Komarock saa nane mchana. Alikuwa Frankline, amenenepa kidogo, na mzigo kutoka kwa Qali. Alisimama nje mpaka alipokaribishwa. Mama yake alitaka tisheti za ibada ya ukumbusho wa mzee, picha ileile, na picha ilikuwa kwa Nthenya. Alisema angemtuma Carolyne, lakini aliona si vizuri. Kwenye kidole chake palikuwa na pete.

Nthenya aliiona, akaendelea kupanga vitu mezani. Kutoka chini ya kabati alitoa ile tisheti ya mwaka jana, yenye nusu ya uso wa mzee. Hakuwahi kuitupa, na sasa ingemsaidia kupima picha ikae wapi.

Frankline aliishika. "Hii ilikuwa ya nani?"

"Ya Carolyne. Stima ilipotea nikiwa katikati, nikamfanyia nyingine kwa ile moja juu."

"Ile ndogo?"

"Enhe. Ile ya kuharibu."

Frankline alikaa chini bila kuambiwa.

"Nthenya, kwetu mtu mzima gani huvaa ndogo?"

Pasi ililia kidogo mezani, imeshika moto. Nthenya alimtazama, na taratibu, kama mtu anayesoma orodha kwa mara ya nne, akaelewa.

"Uliniambia inayobaki ni yako," Frankline akasema. "Nikakuachia uandike mwenyewe."

"Orodha ilikuwa na watu thelathini na mmoja. Niliisoma mara tatu."

"Orodha aliandika Carolyne. Carolyne hakujua."

"Ungeniambia, Frank."

"Ungeniuliza."

Nthenya alifuta macho kwa foronya ya mezani. "Mama alinitafuta?"

"Alikutafuta. Nikamwambia hukuja."

"Nilikuwa kiti cha nyuma."

"Nilikuona," akasema.

Alinyoosha mkono juu ya meza. Nthenya aliutazama mkono huo na pete yake, akausogeza mkono wake mwenyewe kwenye pasi, akaizima. Alimpenda. Alimpenda kuliko siku ile ya soko, na hakukuwa na mahali pa kuupeleka upendo huo. Akafungua simu, akasoma orodha mpya kwa sauti ya kazi. Wa thelathini na mbili alikuwa Roseline, mke wa mwana.

"Huyu saizi gani?"

"Kubwa sana," Frankline akasema. "Atajifungua mwezi ujao."

"Hongera."

Hakulisema kwa uchungu dhidi ya Roseline, mwalimu wa watu huko Ugenya, asiyejua chochote. Alihesabu tisheti mbele yake, moja moja, mpaka mwisho. Zilikuwa thelathini na tatu. Frankline alikuwa ameshafika mlangoni.

"Frank, kuna moja juu. Ni ya nani?"

Safari hii aliuliza. Frankline aligeuka, mkono kwenye kitasa, akamtazama, kisha akaitazama pete yake.

"Hiyo ni ya kuharibu," akasema, akatoka.

Nthenya alifanya kazi siku mbili. Stima haikupotea hata dakika moja. Ya Roseline aliikandamiza kwa uangalifu kuliko zote, akijihesabia mwenyewe, na neno "mke" likashika vizuri kila pembe. Hakuharibu hata moja. Ikabaki ile moja juu, nyeupe, pamba tupu, ambayo kwa desturi yake ilikuwa sasa ni yake. Aliikunja, akaiweka ndani ya furushi pamoja na zile nyingine, akampigia Carolyne aje kuchukua.